Miji 17 kwa wiki 15: jibu kwa mwanafunzi wa usanifu anayekwenda Italia

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma usanifu majengo mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja Firenze, Italia, kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Juni. Ijumaa hatutakuwa na vipindi, kwa hiyo nimejipangia kuzunguka na nina orodha ya miji 17. Naomba kuuliza mambo manne. Je, orodha yangu inatekelezeka? Nibebe nini? Makuba na marumaru za huko zitanifaa nini mimi nitakayerudi kujenga kwa tofali za saruji na bati? Na mama anauliza kama nitakuwa salama, maana sijawahi kutoka nje ya nchi. Kwetu ni Zanzibar, Mji Mkongwe. Bibi bado anaishi kwenye nyumba ya zamani.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hongera kwanza, halafu niwie radhi nikuudhi kidogo: hiyo orodha ichane. Miji 17 ndani ya wiki 15, na humo kuna mitihani, kuna Pasaka, kuna mafua ya mwezi Machi ambayo wewe wa pwani hujawahi kukutana nayo. Nami niliondoka na orodha kama yako, miaka ile ya kamera za mkanda. Nilirudi na mikanda kumi na miwili. Nikizitazama picha hizo leo, kuna makanisa sita siwezi kukuambia lipi ni lipi. Kilichonifaa kazini miaka yote hii ni daftari moja tu, la Siena na Mantova, miji niliyokaa muda mrefu kwa sababu mmoja niliishiwa nauli na mwingine nilikuta mlango umefungwa.

Nianze na swali lako la tatu, maana ndilo linalobeba mengine.

Kabla hujagusa sanduku, panda boti uende kwa bibi na tepu ya fundi mfukoni. Pima upana wa chumba chake, ukuta hadi ukuta. Utapata mita mbili na nusu, pengine karibu tatu, haitazidi sana. Inua macho utaona sababu: boriti. Mkoko haukupi boriti ndefu zaidi ya hapo itakayobeba dari ya mawe na chokaa bila kupinda, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe na vya Lamu ni vyembamba na virefu kama jahazi. Pima unene wa ukuta kwenye dirisha. Toka nje upime baraza, kimo chake na kina chake. Ziandike namba hizo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari utakalokwenda nalo. Usipokuwa nazo, kila utakachokiona Italia kitakuwa “kikubwa” na “kizuri” basi, na hayo hata mtalii wa siku moja anayasema.

Sasa twende Firenze. Wiki ya kwanza usisafiri popote. Nenda Piazza della Santissima Annunziata, si mbali na kanisa kuu kwa miguu, ukae mbele ya Ospedale degli Innocenti. Hii ilikuwa nyumba ya kulelea watoto waliotelekezwa, iliyogharimiwa na chama cha wafanyabiashara wa hariri. Msanifu Filippo Brunelleschi aliianza mwaka 1419, na mtoto wa kwanza alipokelewa 1445. Mbele kuna varanda ya matao tisa yaliyokaa juu ya nguzo nyembamba. Toa tepu. Pima kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya inayofuata. Kisha pima kina cha varanda, kutoka nguzo hadi ukutani. Kisha kadiria kimo cha nguzo. Namba zitakaribiana hadi udhani umekosea kusoma tepu. Hujakosea. Brunelleschi hakupima kwa mita, alipima kwa braccio, neno ambalo maana yake ni mkono, na mkono wa Firenze ulikuwa kama sentimita 58. Hapo pana mikono kumi kwa kumi kwa kumi. Ukipita chini ya varanda ile unatoka chumba cha hewa hadi chumba cha hewa, vyote sawa, bila ukuta hata mmoja.

Mkono! Muulize bibi dhiraa ni nini. Yetu ni fupi kidogo, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, lakini wazo ni lile lile, kwamba mwili wa mtu ndio unaoikadiria nyumba. Kwa hiyo kabla hujaondoka jua shubiri yako ni sentimita ngapi, dhiraa yako ngapi, pima yako ngapi, na hatua yako ya kawaida ngapi. Ziandike nyuma ya jalada. Mlinzi wa makumbusho atakukataza kutoa tepu. Hakuna mlinzi anayekataza mtu kuhesabu hatua zake.

Na ukiwa palepale, tazama vyuma vyembamba vilivyopita kwenye matao, juu ya nguzo. Tao husukuma nje, kama mtu aliyetanua miguu kwenye sakafu ya utelezi, na vile vyuma ndivyo vinavyomshika asianguke. Wachoraji wengi huviacha kwa kuwa eti vinaharibu usafi wa mchoro. Wewe vianze.

Jioni moja pita Palazzo Strozzi, jumba la tajiri mmoja wa benki lililoanza kujengwa 1489. Vitabu vitakuambia habari za mawe yake yaliyochongwa kwa ukali na madirisha yake. Mimi nakutuma ukatazame chini. Kuna benchi la mawe limeshikamana na ukuta, upande wa barabarani, limekwenda urefu wa jengo. Waitalia huliita panca di via. Nilipolikalia mara ya kwanza, ukingo wake ulinigusa nyuma ya goti palepale baraza ya babu yangu inaponigusa. Kando yangu wazee wawili walikuwa wanabishana juu ya mpira, na kijana anakula mkate. Mwenye nyumba aliwapa wapita njia mahali pa kukaa bila kuwafungulia mlango. Mgeni wa shughuli ndogo anamalizwa nje, na jumba kubwa likiwa na watu wamekaa miguuni pake halitishi. Ile ni baraza, mwanangu. Palazzo Rucellai, iliyobuniwa na msanifu Leon Battista Alberti, nayo inayo, na mgongo wa benchi lake umechorwa kama wavu. Pima zote mbili, uweke namba pembeni ya namba ya baraza ya bibi. Huo peke yake ni ukurasa wa tasnifu yako, na hujalipa kiingilio popote.

Kuba la kanisa kuu lipande, lakini kata tiketi mapema kwa sababu watu huingia kwa saa zilizopangwa. Ngazi 463, lifti hakuna. Kinachokupeleka si mandhari ya juu. Kuba lile ni mawili, moja ndani ya jingine, na njia yako inapita katikati yake, kwa hiyo unapanda ndani ya mwili wa jengo. Brunelleschi alilijenga kati ya 1420 na 1436, nafasi ya zaidi ya mita 40 kwa upana, bila kusimamisha msitu wa mbao kutoka sakafuni ili kulishikilia. Yeye alikuwa amesomea ufuaji dhahabu. Ukifika sehemu za juu, simama ukutani upishe wenzako, utazame tofali. Nyingi zimelazwa, lakini kila baada ya kadhaa iko moja imesimamishwa wima, na zile za wima zinapanda kwa mshazari kama mifupa ya samaki. Unapojenga kuba, kadiri unavyopanda ndivyo tofali linavyoinama kuelekea ndani, na chokaa mbichi hailishiki. Tofali la wima limeng'ata safu ya chini iliyokwisha kukauka, likabana zile zilizolazwa kati yake na mwenzake, zisiteleze. Fundi akamaliza mzunguko, chokaa ikakauka, akapanda mzunguko mwingine. Hakuna ajabu hapo ambayo fundi wa Kigamboni hawezi kuielewa kwa dakika tano ukimchorea.

Tunarudi kwenye marumaru yako. Nenda Vicenza. Sehemu kubwa ya sifa za msanifu Andrea Palladio, aliyeanza maisha akiwa mchonga mawe na kufariki 1580, imesimama juu ya tofali la kuchoma na lipu ya chokaa. Villa Rotonda, ile yenye vibaraza vinne vya nguzo iliyonakiliwa dunia nzima, ukuta wake ni tofali lililopigwa lipu. Ukiwa uwanja wa Piazza dei Signori utazame Loggia del Capitaniato, ya miaka ya 1571 na 1572. Nguzo zake kubwa ni tofali jekundu liko wazi, limechongwa mviringo, unaweza kuhesabu safu moja moja. Jiwe aliliweka pale panapopigwa na maji na mabega ya watu: vitako vya nguzo, vichwa vyake, vizingiti. Kwingine kote alitumia tofali na hesabu ya uwiano, basi.

Unazijua zile nguzo za zege zinazouzwa pembeni ya barabara, zenye majani ya kupambia juu, ambazo kila mwenye nyumba mpya anapachika nne mbele ya kibaraza? Ukitaka kujua zilikotoka, na zilipoharibikia njiani, ni Vicenza. Palladio alijua nguzo ikiwa na unene huu, kimo chake kiwe kipi na ya pili isimame umbali gani. Sisi tumenunua nguzo tukasahau umbali. Kaa siku mbili. Teatro Olimpico, ukumbi wake wa maigizo, uingie. Alianza kuujenga mwaka ule ule wa kifo chake, ukamalizwa 1585, na mitaa iliyoko nyuma ya jukwaa, kazi ya Vincenzo Scamozzi, ni ya mbao na lipu tu, imefinywa ili macho yako yaamini ni mirefu.

Kutoka Vicenza treni ya mkoa inakufikisha Verona kwa chini ya saa moja. Mpe Castelvecchio siku nzima. Ni ngome ya karne ya 14 iliyogeuzwa makumbusho, na msanifu Carlo Scarpa alianza kuifanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Tena nakutuma utazame chini. Sakafu mpya haigusi ukuta wa kale: ameacha mfereji mwembamba pembeni, wa kivuli, sakafu ikakaa kama mkeka uliotandikwa chumbani. Huhitaji kuuliza kipi ni cha kale na kipi ni cha jana. Nimeona nyumba za Mji Mkongwe zilizokarabatiwa kwa saruji iliyopakwa juu ya chokaa hadi ukuta ukashindwa kupumua, ukaanza kutoa chumvi na kumomonyoka. Kama kuna Mwitaliano mmoja wa kumleta nyumbani kichwani mwako, ni Scarpa kwa vile anavyounganisha vitu. Chora kona ya sakafu ile kwa ukubwa halisi.

Siena nenda kwa basi, usiende kwa treni. Basi linakushusha juu karibu na mji, stesheni iko bondeni. Fika saa moja asubuhi uwanja wa Campo ukiwa mtupu. Umesakafiwa kwa tofali zilizopangwa kwa mshazari, umegawanywa vipande tisa kwa mistari ya jiwe jeupe, kumbukumbu ya serikali ya watu tisa iliyotawala mji, na wote umeinama kuelekea jumba la serikali kama sinia lililobonyea. Lala chali. Ndiyo, lala; wenyewe wanalala. Mteremko unakutazamisha jumba bila kuinua kichwa. Mvua ikinyesha maji yote yanakwenda tundu moja mbele ya jumba hilo. Mwaka 1297 wakuu wa mji walipitisha sheria juu ya aina ya madirisha yanayoruhusiwa kwa nyumba zinazouzunguka uwanja. Kwa hiyo ule umoja unaousifu si wa bahati wala wa msanii mmoja, ni wa kanuni iliyofuatwa na majirani wabishi kwa vizazi.

Pita pia kanisa kuu la Siena uone ukuta mkubwa uliosimama peke yake, nyuma yake hakuna kitu. Walianza kulipanua kanisa 1339, tauni ikaingia 1348, kazi ikasimama hadi leo. Nilipouona nilikumbuka nyumba zetu zenye nondo zinazochomoza juu ya paa zikisubiri ghorofa ya pili. Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha.

Bologna ni dakika kama arubaini kutoka Firenze kwa treni ya kasi, hivyo ni safari ya kwenda na kurudi. Mji huo una varanda za barabarani zenye jumla ya kilomita 62, zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2021. Mwaka 1288 ilitungwa sheria kwamba nyumba mpya lazima iwe na varanda mbele, na kimo chake kitoshe mtu aliye juu ya farasi. Ardhi ni ya mwenye nyumba, matengenezo ni juu yake, lakini njia ni ya kila mtu. Tembea saa mbili wakati wa mvua uone jinsi nguo zinavyobaki kavu, kisha kumbuka Kariakoo mvua ya Aprili inapokukuta na unakimbilia chini ya turubai la muuza viatu. Mji wa jua na mvua kama Dar ungefaidika na sheria hiyo moja kuliko na minara kumi ya vioo. Hilo ni langu, wahadhiri wako wanaweza kupinga.

Mantova nilifika saa sita mchana na kukuta Sant'Andrea limefungwa. Makanisa mengi hufungwa mchana hadi saa tisa au kumi, weka akilini. Nilikaa chini mbele yake karibu saa tatu, sina la kufanya, nikachora uso wa jengo mara nne. Alberti alilibuni karibu na 1470, mwaka 1472 ujenzi ukaanza naye akafa. Mara ya kwanza nilichora mapambo. Mara ya pili niliona kumbe ni lango la ushindi la Kirumi limebandikwa mbele ya kanisa. Mara ya nne nikagundua uwiano wa tao kubwa na vile vijilango vya pembeni. Mlango ulipofunguliwa niliingia nikakuta ukuta wa ndani umepangwa vilevile, tao kubwa, pembeni vidogo, tao kubwa tena. Ningekuta wazi ningepiga picha tatu nikaenda kula.

Roma upe wiki nzima ya Pasaka au baada yake, usiigawe. Nitakutajia mahali pawili tu, mengine yote utaoneshwa na watu. Pantheon, la kwanza. Ndilo kuba kubwa kuliko yote duniani la zege lisilo na nondo: mita 43 na kidogo kwa upana na kwa kimo, la wakati wa Hadrian, mfalme wa Kirumi, karibu miaka 1,900. Hapo ndipo ufanye mchoro wa mkato, yaani jengo limepasuliwa katikati kama papai. Utaona chini ukuta una unene wa mita sita hivi, na kadiri unavyopanda unakonda. Na zege lenyewe linabadilika, chini kokoto nzito, juu kabisa mawe mepesi ya volkano yenye vitundu. Katikati ya juu ni tundu wazi. Mvua huingia kweli, na sakafu imebinuka kidogo na kutobolewa ili maji yapate njia. Wageni hulipa kiingilio tangu 2023. Ukiwepo Jumapili ya Pentekoste, nenda asubuhi mapema: baada ya misa, wazimamoto huangusha petali za waridi kupitia tundu lile.

La pili ni EUR, mtaa ulio kusini mwa jiji, na hapo nenda na akili ya Mwafrika. Kuna jumba jeupe la matao yaliyopangwa kama rafu, Palazzo della Civiltà Italiana. Watalii hulipiga picha kwa uzuri wake, na ni zuri, sitakudanganya. Maandishi yaliyochongwa juu yake yametolewa kwenye hotuba ya Mussolini ya tarehe 2 Oktoba 1935, hotuba ya kutangaza vita dhidi ya Ethiopia. Ukirudi mjini shuka kituo cha Circo Massimo, tazama makao makuu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa: jengo hilo lilibuniwa liwe wizara ya makoloni ya Italia ya Afrika, na mbele yake ilisimama nguzo ya kale ya Aksum, Ethiopia, iliyoporwa 1937 na kurudishwa 2005. Wasanifu wa enzi hizo walikuja pia kwetu huku. Asmara, mji mkuu wa Eritrea, ulioingia urithi wa dunia 2017, ina kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero cha Giuseppe Pettazzi, 1938, chenye mabawa ya zege ya mita kama 15 kila upande bila nguzo. Unaweza kustaajabia bawa na kuuliza nani alilipia. Mtu mzima anayaweza yote mawili kwa pamoja.

Matera iko mbali, iache hadi mitihani iishe. Unafika kwa treni ndogo kutoka Bari. Watu waliishi kwenye mapango na nyumba zilizochongwa mwambani, wakahamishwa na serikali miaka ya 1950 kwa kuitwa aibu ya taifa, na leo mapango hayohayo ni hoteli ambazo wajukuu wao hawawezi kulala. Mtoto wa Mji Mkongwe hahitaji nimweleze kwa nini namtuma huko.

Umehesabu? Firenze, Vicenza na Verona, Siena, Bologna, Mantova, Roma, na Matera mwishoni. Venezia ongeza siku mbili za katikati ya wiki ukiweza, Machi, kabla watu hawajajaa. Pisa saa tatu zinatosha. Milano na vijiji vya pwani vya rangirangi uwaachie wenzako wa mtandaoni.

Mizigo sasa. Daftari mbili za A5 zenye karatasi nene, zinazoingia mfukoni. Kalamu mbili nyeusi, penseli moja laini. Tepu ya mita tano. Dira ndogo, maana bila kujua kaskazini hutaelewa kwa nini chumba hiki kina mwanga na kile hakina. Viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu wako, mitaa ni mawe matupu. Na kanga mbili: shuka, taulo, kitambaa cha kukalia jiwe la baridi, na cha kujifunika mabega unapoingia kanisani. Kama hula nguruwe, uliza hata mikate. Piadina ya upande wa Bologna kwa desturi hutiwa mafuta yake. Mkate wa Firenze wenyewe hauna chumvi, usidhani wamekusahau.

Karatasi. Kwa kuwa unazidi siku 90 unahitaji viza ya muda mrefu, ile ya D, na ndani ya siku 8 za kazi tangu uingie lazima uombe kibali cha kukaa, permesso di soggiorno. Fomu zinapelekwa posta, na stempu ya kodi ya euro 16, halafu unapewa siku ya kwenda polisi kutoa alama za vidole. Kadi inaweza kuchelewa hadi karibu urudi. Risiti ya posta ndiyo kitambulisho chako, usiiache chumbani. Na neno hilohilo permesso ndilo hodi yao: ukifika mlangoni kwa mtu sema “permesso?”, atakujibu “avanti”. Ni nchi inayotaka hodi mara mbili. Ukishapata kitambulisho cha chuo chao, kwenye majumba ya serikali kionyeshe dirishani na useme unasoma architettura. Kuna msamaha wa kiingilio kwa wanafunzi wa fani yetu. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure kwa wote, lakini foleni zake za Firenze sikushauri. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igonge kwenye mashine kabla hujapanda. Mimi sikuigonga, nikatozwa faini ambayo ingenilisha wiki, na Kiitaliano changu cha kujitetea kiliishia kwenye “samahani”.

Kwa mama. Mwambie utakuwa salama kwa kiasi mtoto anachokuwa salama Dar ukiwa na akili: wezi wa mifukoni wako vituoni Roma na Firenze, mkoba uvae mbele. Mwambie pia ukweli, kwamba miji midogo utatazamwa, na huenda siku moja kituoni ukaulizwa karatasi wewe tu kati ya wenzako watano. Toa nakala ya pasi na ile risiti, jibu kwa utulivu, endelea na safari yako. Na asihangaike kununua koti jipya dukani. Aende soko la mitumba Karume, achague la sufu, zito, lenye mfuko wa ndani wa kutosha daftari. Akigeuza kitambulisho cha shingoni akakuta limeandikwa kwa Kiitaliano, ulichukue. Litakuwa linarudi kwao kusalimia.